SIKUKUU YA UHURU KATIKA SHULE YA WAHINDI

Ndugu Wanachama,

Katika kikao chetu cha mwisho hapa Songea yalisemwa maneno makali juu ya shule zilizoanzishwa na Wahindi katika nchi yetu. Mwenzetu mmoja alisimama akasema ya kuwa kila tarehe 15 Agosti baadhi ya shule hizo hupandisha bendera ya Bara Hindi, watoto huimba wimbo wa taifa lile, na walimu hugawa peremende. Akauliza kwa hasira: Je, hii ni nchi ya nani? Akataka chama chetu kiandike barua kuomba jambo hilo lipigwe marufuku. Wengi walipiga makofi.

Sisi tunaoandika hapa hatukupiga makofi, na baada ya kikao tuliulizwa sababu. Wengine walitucheka, wengine walisema tumehongwa halwa. Basi twaona yafaa tujibu kwa maandishi, kwa maana maneno ya barazani hupeperuka, bali yaliyoandikwa hukaa, na mwenye kuyapinga aweza kuyashika mkononi akayapinga moja moja.

Kwanza tueleze tuliloliona kwa macho yetu. Wawili wetu walikuwa safarini kwa kazi katika mji mwingine, si Songea, na siku ya tarehe 15 Agosti iliwakuta huko. Walipita karibu na shule ya namna hiyo, wakasimama nje ya ua. Watoto walikuwa wamepangwa mistari, wa Kihindi na wa Kiafrika pamoja, nguo zao safi, viatu vimepigwa rangi. Bendera mbili zilikuwa juu ya milingoti miwili ya urefu mmoja, yetu na ile ya zafarani, nyeupe na kijani. Kijana mmoja wa Kiafrika, mwenye umri wa miaka kumi hivi, alisoma maneno aliyoyahifadhi juu ya Gandhi, bila kukwama hata mara moja. Wazazi wakafurahi. Halafu watoto wakatawanyika.

Wenzetu wakamwita yule kijana, wakamsifu, wakamwuliza: "Na tarehe 9 Desemba, mwanangu, hufanya nini hapa shuleni?" Akawatazama kwa mshangao, akajibu: "Tarehe hiyo shule imefungwa, shikamooni." Akakimbia kuifuata peremende yake.

Ndugu zetu, jibu la kijana huyo limetukosesha usingizi kuliko bendera ile. Twaomba mlifikiri nasi polepole.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 15 Agosti 1947 Bara Hindi lilitoka chini ya utawala wa Waingereza, na siku moja kabla yake, tarehe 14, ilizaliwa Pakistan. Wahindi waliokaa Afrika ya Mashariki walifurahi, na haikuwa ajabu, kwa maana mtu hufurahi nyumba ya babaye inapookoka na moto hata kama yeye mwenyewe amekwisha jenga kwingine. Lakini furaha yao ilikuwa na donda ndani yake. Bara lilikatwa vipande viwili, watu wengi mno wakafa katika machafuko ya mgawanyiko ule, na huku Afrika jamaa waliokuwa wakiitwa kwa jina moja la Wahindi wakaanza kuulizana nani ni wa bendera ipi. Gandhi mwenyewe siku ile hakuwa katika sherehe za Delhi; alikuwa Calcutta, akifunga na kuomba watu wasiuane. Nao Wagoa, ambao wengi wao walikuwa makarani wenzetu maofisini, walikuwa bado chini ya Wareno, wala hawakupata siku yao hata Desemba 1961, siku chache baada ya Tanganyika kupata uhuru wake. Kwa hiyo aisherehekeaye tarehe 15 Agosti kwa akili hasherehekei keki na mishumaa, asherehekea jambo zito.

Sasa tuseme kweli kuhusu upande wetu, wala tusifiche. Mwafrika wa zamani aliyesimama nje ya shule ya Wahindi alikuwa na uchungu wa haki. Katika Tanganyika ya Waingereza kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha, na fungu la Mwafrika lilikuwa dogo kabisa ukilinganisha na wingi wa watoto wake. Mshahara wa karani ulifuata rangi yake kabla ya kufuata kazi yake. Karani wa Kiafrika aliyejua hesabu sawasawa na mwenzake alipokea pungufu, kisha jioni alipokwenda dukani alimkuta ndugu wa yule mwenzake nyuma ya meza ya kuuzia. Mtu aliyeonja maisha hayo hawezi kuambiwa asahau kwa amri. Utaratibu wa kutenga shule kwa rangi ulifutwa tangu tarehe 1 Januari 1962, na mlango wa shule ya Wahindi ukafunguliwa kwa mtoto wa kila mtu.

Lakini haki ya uchungu haimpi mtu haki ya kukosea hesabu. Shule zile za Wahindi zilipata ruzuku ya Serikali, ni kweli; hata hivyo nyingi zilijengwa pia kwa michango ya jamaa wenyewe, mwenye duka kubwa kwa fungu lake na mwenye duka dogo kwa lake. Walipokuwa wakichanga sisi tuliwaona, na tukasema, "Hawa wanapendana." Je, kupendana kulikatazwa kwetu? Watu wa Songea waliweza kuanzisha chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo mwaka 1936, wakauza tumbaku yao kwa pamoja. Basi nguvu ya kuchanga tulikuwa nayo, na haikuwa siri ya kabila moja.

Tena iko hesabu nyingine ambayo waliopiga makofi hawakuipiga. Tarehe 15 Agosti 1947 haikuwa siku ya Wahindi peke yao. Ilikuwa habari kwa kila mtu aliyetawaliwa, ya kwamba dola kubwa yaweza kuondoka bila kushindwa vitani. Nchi yetu ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Bara Hindi likiwa huru lilipata kiti na sauti katika baraza la udhamini. Ujumbe wa baraza hilo uliokuja kuitazama Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa na mjumbe kutoka India, na taarifa ya ujumbe ule ilisema ya kuwa Tanganyika yaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25, au hata kabla yake. Wakoloni walichukizwa sana na maneno hayo. Sisi tulihitaji miaka saba tu.

Na wakati huo sisi watumishi wa Serikali tulikuwa wapi? Tusione haya kukumbushana. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na marehemu Martin Kayamba na wenzake, na makarani na walimu ndio waliokuwa mkono na kalamu ya Chama cha Waafrika kilichofuata mwaka 1929. Lakini mwaka 1953 Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Wengine wetu walitoa mchango kwa siri usiku, wakaenda kazini asubuhi wakiwa kimya. Wengine walinyamaza usiku na mchana. Mwalimu Julius Nyerere alitakiwa achague kati ya ualimu wake wa Pugu na siasa, akaacha kazi mwaka 1955. Basi mtumishi wa leo anayetaka kumnyang'anya mtoto bendera ya peremende, na ajiulize kwanza kama babu zake wote waliibeba bendera ya kwetu ilipokuwa na hatari.

Tunajibiwa: "Mtu hawezi kuwa na bendera mbili." Neno hili ni zito, nasi hatulikwepi. Lakini lazima tuwatenge watoto wale katika mafungu matatu, maana kosa la wenzetu ni kuwaona wote kama mtu mmoja. Fungu la kwanza ni watoto wa raia wa India waliokuja kwa mkataba wa kazi. Hao wana taifa lao, na wakiimba wimbo wao katika siku yao hawatudhulumu kitu, kama vile Watanzania walioko ng'ambo wasivyomdhulumu mtu wakikusanyika tarehe 9 Desemba kula ugali na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Fungu la pili ni watoto wa Watanzania wenye asili ya Kihindi. Hao taifa lao ni hili, na bendera ile kwao ni kumbukumbu ya mababu tu. Fungu la tatu ni watoto wetu, ambao sisi wenyewe tumewapeleka pale, tukalipa ada kwa jasho, kwa kuwa twaipenda hesabu na sayansi ya shule ile. Hao bendera ile kwao ni somo la historia ya dunia.

Juu ya fungu la pili Taifa letu lilikwisha kutoa hukumu, na waliopiga makofi wameisahau. Mwezi wa Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, baraza la kutunga sheria lilijadili sheria ya uraia. Wajumbe wengine walitaka uraia upimwe kwa rangi. Mwalimu Nyerere alisimama akalikataa jambo hilo kwa ukali, na sheria ikapita bila kupima rangi. Mwezi wa Januari 1964 alitangaza tena ya kuwa katika utumishi wa Serikali ubaguzi kati ya raia na raia kwa sababu ya rangi umekwisha. Tangazo hilo lilituhusu sisi, ndugu watumishi, si watu wa mbali; na wako waliolikasirikia. Lakini ndilo lililotuwezesha kumtumikia waziri kama Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, ambaye aliitunza hazina ya nchi hii kwa miaka mingi, na hakuna aliyemwuliza babu yake alizaliwa wapi. Watazameni jirani zetu wa Uganda: mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi kwa siku 90, watu wakashangilia barabarani, kisha wakaingia madukani wakakuta rafu tupu. Sisi hatukupita njia ile. Tulitaifisha nyumba mwaka 1971, na wengi walihama kwa uchungu, na hilo pia ni sehemu ya hesabu. Lakini uraia wa mtu hatukuupima kwa ngozi. Tusianze leo kwa ajili ya kitambaa cha rangi tatu.

Je, maana yake tuziache shule zile zifanye zipendavyo? Hasha! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyekaa sebuleni mwake atapangiwa viti na mgeni. Twazidai shule hizo mambo matatu, na twayadai kama haki, si kama hisani. Jambo la kwanza: bendera ya taifa lolote isipandishwe katika udongo huu pasipo bendera yetu kuwapo mahali pa heshima. Jambo la pili: shule iliyo na pumzi ya kuadhimisha tarehe 15 Agosti iwe na pumzi ileile ya kuadhimisha uhuru wa Tanganyika, mtoto aliyehifadhi maneno juu ya Gandhi ahifadhi pia habari za Kinjeketile na za Songea Mbano. Jambo la tatu: mtoto wa Kiafrika asiwe mpiga makofi tu katika siku ya wengine, wala mtoto wa Kihindi asiwe mpiga makofi tu katika siku yetu. Wote wabebe.

Sasa twaja mahali panapotuuma sisi wenyewe. Yule kijana alisema: shule imefungwa. Hakusema uongo. Tarehe 9 Desemba huangukia katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Uhuru wa Bara Hindi hukuta madarasa yamejaa. Uhuru wetu hukuta madarasa yamefungwa kwa kufuli, mwalimu yuko shambani, na mtoto amelala hadi saa nne. Hilo si kosa la Mhindi. Ratiba hiyo ni yetu, na kwa miaka mingi tumeridhika kwamba gwaride la mjini na hotuba ya redio zatosha.

Na gwaride lenyewe si la kila mwaka tena. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliagiza siku hiyo watu wafanye usafi badala ya sherehe, na fedha zikapelekwa kwenye barabara Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia aliagiza fedha za sherehe zijenge mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hatulaumu. Bweni la mtoto asiyeona ni sherehe njema kuliko maturubai ya kukodi. Lakini Serikali ilipopunguza gwaride haikutuamuru kupunguza kumbukumbu. Sisi ndio tuliofanya tafsiri hiyo, kwa kuwa ilitupendeza: tulisikia "hakuna sherehe", tukaelewa "hakuna kazi". Ni wangapi kati yetu, siku ile ilipofika, waliowakalisha watoto wao chini wakawasimulia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961 bendera ya Waingereza ilishushwa Dar es Salaam, ya kwetu ikapanda, na Luteni Alexander Nyirenda akausimika Mwenge juu ya Kilimanjaro? Tukijibu kwa haki twaweza kuwahesabu kwa vidole, na vidole vitabaki.

Basi mkono unaotaka kuandika barua ya kuwakataza Wahindi uanze na barua ya kujilaumu. Mkataa kwao ni mtumwa. Na asiyekumbuka kwao yu karibu na yule mtumwa. Mhindi akimfundisha mwanawe siku ya babu yake, hatuna la kumlaumu. Tunalo la kujilaumu tukimwachia yeye amfundishe na wa kwetu, kisha tukalalamika kwamba amefundishwa visivyo.

Zaidi ya yote sisi wa Songea hatuna udhuru. Miji mingine yaweza kusema haina mahali wala siku. Sisi tunavyo vyote viwili. Tarehe 27 Februari 1906, hapa mjini petu, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Maji Maji, na baada yao wakamnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu wachukua jina lake. Kaburi lao liko Mahenge, na Makumbusho ya Maji Maji yako papo hapo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisafiri hata hapa Songea, akasimama mbele ya wajukuu wa mashujaa, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Mgeni alitoka Ulaya kuja kuomba msamaha kaburini, na wako watumishi waliohamia mji huu miaka mitano ambao hawajalikanyaga kaburi lile hata siku moja. Na tazameni: Februari si mwezi wa likizo. Madarasa yamejaa.

Kwa hiyo, badala ya barua ya marufuku, twaleta mbele yenu mashauri haya. Kwanza, chama chetu kiwaombe wakuu wa shule zote za hapa, za Serikali, za misheni, na za watu binafsi wa kila asili, wafanye mkutano wa Uhuru katika wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, ili tarehe 9 Desemba imkute mtoto amekwisha kujua anachopumzikia. Pili, kila mwanachama ajitolee saa moja katika wiki ile kwenda shule moja kusimulia, na awe amejitayarisha, asiende kupiga porojo. Tatu, tarehe 27 Februari shule zote zipelekwe Mahenge, na mtoto wa Kihindi atembee mstari mmoja na mtoto wa Kingoni, wasikie pamoja. Nne, mwalimu yeyote akitualika tarehe 15 Agosti, twende, tukae, tusikilize, kisha tumwalike naye. Mambo haya manne gharama yake ni nauli na koo kavu.

Twajua wako watakaosema tumekuwa mawakili wa Wahindi. Na waseme. Mtu anayemwambia nduguye kwamba uso wake una tope hajawa adui yake kwa kuwa jirani yuko safi. Hatutaki bendera yetu ishinde bendera ya mtu kwa kumkataza ya kwake. Twataka ishinde kwa kubebwa.

Kikao kijacho jambo hili litaletwa lipigiwe kura. Atakayetupinga na aje na hoja zake. Lakini kabla ya kusimama aseme mbele ya wote tarehe 9 Desemba iliyopita alikuwa wapi, na wanawe walijifunza nini.

Ni sisi ndugu zenu,
Wanachama wa Songea.